Kabla ya Kushusha Giaboksi: Jinsi Mlio wa Pikapu Moja Ulivyotafutwa

Mwenye pikapu alikuwa ameshaambiwa anunue klachi nzima. Gari lake ni la dizeli, la zamani, la gia tano, linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma. Lilikuwa na mvumo wa kukwaruza uliosikika hata likiwa limesimama. Gereji ya kwanza ilisikiliza mara moja ikatoa hukumu: rilizi beringi imekufa, na kwa kuwa giaboksi itashushwa, disiki na presha pleti navyo vibadilishwe. Hukumu hiyo hutolewa kila siku katika gereji zetu, na mara nyingi ni sahihi. Safari hii haikuwa sahihi. Namna ukweli ulivyopatikana inafaa kuelezwa hatua kwa hatua, kwa sababu karibu vipimo vyote vilifanyika bila kugusa spana.

Hoja ninayoisimamia ni hii: pedali ya klachi ndiyo kipimo cha kwanza cha giaboksi. Beringi isiyozunguka haitoi mlio. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi si "kelele inafananaje?" bali "kelele inaposikika, ni nini kinazunguka, na inaponyamaza, ni nini kimesimama?"

Kinachozunguka na kilichosimama

Injini ikiwaka, gari likiwa nyutro na mguu ukiwa nje ya pedali, presha pleti inaibana disiki kwenye flaiwili. Disiki inazungusha shafti ya mbele ya giaboksi. Shafti hiyo, kwa meno yaliyoshikana wakati wote, inaizungusha shafti ya chini. Gia zilizo juu ya shafti kuu nazo zinazunguka, ila zinazunguka bure; shafti kuu yenyewe imetulia kwa sababu magurudumu yametulia.

Ukikanyaga pedali hadi chini, mambo yanageuka. Rilizi beringi inasukuma vidole vya springi ya presha pleti, disiki inaachiwa, na muda mfupi baadaye shafti ya mbele na ya chini zinasimama. Sasa zinazofanya kazi ni beringi mbili tu: rilizi beringi yenyewe, na paileti beringi ndogo iliyokaa kwenye mwisho wa krankishafti, inayoshika ncha ya shafti ya mbele.

Mlio unaozaliwa pale unapokanyaga pedali unatoka upande wa klachi. Mlio unaokufa pale unapokanyaga pedali, kwa kawaida, unatoka ndani ya giaboksi. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Vipimo vya gari lililosimama

Kipimo cha kwanza kilifanywa injini ikiwa imezimwa. Pedali ilikanyagwa na kuachiwa taratibu. Kama ingelia katika hali hiyo, kosa lingekuwa kwenye bushi za pedali, kebo kwa magari yenye kebo, au mahali foku inapoegemea, pakavu bila grisi. Pikapu hii ilikuwa kimya.

Kisha injini ikawashwa, nyutro, hendibreki juu. Mguu nje: mvumo upo. Mguu chini: mvumo umekwisha. Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Wanasema kelele imebadilika klachi ilipokanyagwa, basi ni klachi. Lakini rilizi beringi iliyochoka huanza kulia inapobebeshwa mzigo, yaani inapokanyagwa. Ya gari hili ilikanyagwa, na kimya kikaja.

Hata hivyo haikutosha kuhitimisha hapo, kwa sababu kuna hali mbili zinazoweza kudanganya sikio. Ya kwanza ni rilizi beringi au foku iliyolegea inayochezacheza pedali ikiwa juu. Nayo hunyamaza ikikanyagwa. Tofauti inajulikana kwa mguu: beringi iliyolegea hunyamaza mara tu pedali inapoguswa na ule uchezaji wa mwanzo kuisha, kabla klachi haijaachia. Kwenye pikapu hii mguso mwepesi haukubadilisha kitu. Mvumo uliendelea mpaka klachi ilipoachia kabisa.

Hali ya pili ni mgongano wa meno unaoletwa na mapigo ya injini, hasa za dizeli, inapounguruma taratibu. Springi za disiki zikichoka haziyapunguzi tena mapigo hayo, na gia zilizolegea zinagongana. Mlio wake ni wa kugongagonga, na ukikanyaga mafuta kidogo hupungua au hupotea. Mvumo wa beringi hufuata njia nyingine: injini ikiongeza mbio, nao unapanda. Fundi alipoongeza mafuta, mvumo wa pikapu ulipanda nao.

Ikabaki paileti beringi. Ili ipimwe, gari liliwekwa gia ya kwanza, klachi ikiwa chini kabisa na breki imekanyagwa kwa nguvu, kwa sababu klachi isiyoachia vizuri inaweza kulirusha gari mbele. Katika hali hiyo magurudumu yanaizuia shafti ya mbele isizunguke hata kidogo, na krankishafti inazunguka peke yake kuizunguka ncha ile. Kama paileti ina ubovu, hapa itasema. Haikusema.

Kabla gari halijatoka uani, klachi ilikuwa imeondolewa lawama. Kilichobaki kushukiwa ni beringi za shafti ya mbele au za shafti ya chini.

Barabarani: ushahidi wa gia ya nne

Katika giaboksi nyingi za gia tano za magari ya namna hii, gia ya nne ni ya moja kwa moja. Shafti ya mbele inafungwa na shafti kuu, zinazunguka pamoja kama kitu kimoja, na nguvu ya injini haipiti kwenye shafti ya chini. Katika gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, nguvu yote inashuka kwenye shafti ya chini kisha inapanda tena. Shafti ya chini bado inazunguka gari likiwa gia ya nne, lakini haibebi mzigo.

Tofauti hiyo ni zawadi kubwa kwa anayetafuta mlio. Pikapu ilipopandishwa kilima kirefu katika gia ya pili na ya tatu, mvumo ulikuwa mzito. Ilipoingia ya nne ulishuka sana, ukabaki mwembamba. Ilipoingia ya tano ukarudi. Kama beringi ya shafti ya mbele ingekuwa mbovu, isingepata nafuu kubwa namna hiyo katika gia moja tu. Kama ingekuwa meno ya gia moja, mlio ungesikika katika gia hiyo na kunyamaza kwingine.

Mara ya mwisho gari liliachwa litembee kwa nyutro kwenye barabara tambarare, injini ikiwa inawaka. Kuzima injini gari likiwa mwendoni ni hatari: breki hupoteza msaada wake, na usukani unaweza kujifunga. Kama mvumo ungeendelea kufuata mwendo wa magurudumu, tungegeukia difu, krosi za propela, beringi za magurudumu au hata matairi. Ulirudi kuwa ule mwembamba wa nyutro. Kidole kilielekea kwenye beringi ya shafti ya chini.

Oili ikatoa jibu la pili

Kufika hapo, spana ilikuwa na haki ya kushikwa. Bolti ya kumwagia oili ilifunguliwa. Unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya bolti si jambo la kuogofya katika giaboksi ya zamani. Vipande vyenye ncha na magamba ya chuma ndivyo vya kuogopa. Magamba yalikuwepo. Lakini lililoeleza zaidi lilikuwa rangi ya oili yenyewe: kijivu cha maziwa, dalili kwamba maji yameingia.

Maji yaliingiaje? Juu ya giaboksi kuna kipumulio, tundu dogo linaloruhusu hewa ya ndani kutanuka na kusinyaa. Hiki kilikuwa kimezibwa na matope yaliyokauka. Mwenye gari hupita mtoni wakati wa masika. Giaboksi yenye moto inapoingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa ghafla na kuvuta. Kipumulio kikiwa kimeziba, uvutaji unahamia kwenye sili, na maji hupenya pale yanapopata upenyo. Oili iliyochanganyika na maji haijengi tena utando imara kati ya gololi na njia yake. Kutu inaanza, vishimo vinafuata, kisha mvumo.

Giaboksi ilishushwa, ikafunguliwa. Beringi ya mbele ya shafti ya chini ilikuwa na vishimo vilivyoonekana kwa macho. Klachi disiki ilikuwa bado na unene wa kutosha, flaiwili haikuwa na nyufa wala alama za kuungua, na rilizi beringi ilizunguka mkononi bila kukwaruza.

Je, rilizi beringi ibaki? Ilibadilishwa, na naunga mkono uamuzi huo, kwa sababu iliyo wazi: kazi ya kuifikia ndiyo ghali kuliko beringi yenyewe, na haina maana kuishusha giaboksi upya baada ya miezi michache. Ila mteja aliambiwa wazi kwamba hiyo ni tahadhari, na kwamba ugonjwa ulikuwa kwingine. Disiki na presha pleti vilirudishwa. Sili zote zikawekwa mpya, kipumulio kikasafishwa, oili ikajazwa ya daraja lililoandikwa katika kitabu cha gari. Jambo hilo la oili lisichukuliwe kwa wepesi. Giaboksi nyingi za zamani zenye ringi za sinkro za shaba huagiza GL-4. Baadhi ya oili za GL-5, zilizotengenezwa kwa mzigo wa difu, zina kemikali zinazoweza kuila shaba.

Kelele zisizo ugonjwa

Kuna milio ambayo gari limezaliwa nayo. Rivasi ya magari mengi hulia kwa sababu meno yake yamekatwa wima, wakati gia za mbele zina meno ya mshazari yanayoshikana taratibu. Land Rover za Series II na IIA, zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1971, zina sinkro kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Anayeshusha hadi ya pili bila kukanyaga klachi mara mbili na kuweka mafuta katikati atasikia meno yakisagana, na hakuna spea itakayotibu hilo. Series III ya 1971 ndiyo iliyoleta sinkro kwenye gia zote za mbele. Fundi asiyejua tabia hiyo anaweza kuipasua giaboksi nzima kwa sababu ya dereva asiyefundishwa.

Ndiyo maana ninawaomba mafundi waandike majibu ya vipimo hivi kwenye karatasi kabla ya jeki kuingia chini ya gari: pedali juu, pedali nusu, pedali chini, gia ya nne, nyutro mwendoni. Mwenye gari naye aiombe karatasi hiyo kabla hajatoa pesa ya spea. Giaboksi ya zamani inaweza kutumika miaka mingi bado, ila haivumilii kufunguliwa ovyo, na mfuko wa mwenye gari hauvumilii kulipa mara mbili kwa mlio uleule.