Matunda damu ndani ya shira, kwa jiko la mkaa

Ikifika vuli ya Ulaya, Septemba hadi Novemba, Wafaransa huchemsha mapeasi katika mvinyo mwekundu na kuyasimamisha sahanini yakiwa na vikonyo vyake. Huku Nyanza-Lac, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, hakuna mapeasi, na mvinyo hauna bei ya kumwagwa sufuriani. Kuna matunda damu, ambayo Warundi wengi huyaita kwa Kifaransa prune du Japon, yanayoteremka kutoka kwenye baridi ya milimani. Mwenyeji wangu aliyapika kwa mtindo uleule, na kilichotoka kingeweza kuandaliwa harusini.

Alichagua yaliyoiva rangi lakini bado magumu kidogo yakibonyezwa. Tunda bichi lina ukakasi usioondolewa na sukari yoyote. Lililolainika hugeuka uji. Ganda ni chungu, kwa hiyo lilitoka: alichanja msalaba mdogo kitakoni, akayamwagia maji yanayotokota kwa muda wa dakika moja hivi, kisha akayatia kwenye maji baridi. Ganda likavulika lenyewe kutoka kwenye ule msalaba kuelekea juu, naye akalikata kwa ncha ya kisu kuzunguka kikonyo. Kikonyo chenyewe hakukigusa. Bila hicho, tunda lililomenywa linafanana na nyanya tu.

Sufuria ilikuwa ya enameli. Sufuria ya alumini isiyopakwa kitu huingiliana na asidi ya tunda, ladha ikawa ya chuma na ule wekundu ukafifia. Na katika pwani hii ya mawese, sufuria iliyokaangiwa ndagala (dagaa) jana isisogezwe hata karibu.

Kazi kubwa ilikuwa moto. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 97 na ushei. Bado ni moto mwingi mno kwa tunda lililovuliwa ganda: mtokoto hulirusha huku na huku, nyama ikachanika, mbegu zikamwagika. Jiko la gesi lina kitufe cha kupunguzia; mkaa hauna. Mwenyeji wangu alichemsha shira kwanza, akaitegua sufuria, akayafunika makaa kwa jivu, ndipo akairudisha na kuyapanga matunda ndani. Kipimo chake kilikuwa macho: vipovu vidogo ukingoni, katikati pametulia. Baada ya robo saa hivi alichoma tunda moja kwa njiti. Ikaingia bila kusukumwa, akaepua.

Shira aliianza nyepesi, kama gramu 250 za sukari kwa lita moja ya maji. Watu wengi huanza nzito wakidhani ndiyo utamu, kumbe shira nzito huvuta maji kutoka ndani ya tunda, likanywea na kukunjamana. Tena sukari ya SOSUMO, kiwanda pekee cha sukari nchini, imeadimika miaka ya karibuni, basi ubahili huu una faida mbili. Aliyaacha matunda yapoe ndani ya shira hadi asubuhi, na huko ndiko yalikokunywa utamu na kurudisha rangi yake. Kesho yake akayatoa, akachemsha shira peke yake kwa moto mkali hadi ikapungua nusu na kung'ang'ania mgongo wa kijiko. Matone ya ndimu yaliingia mwishoni. Rangi ya tunda hili hukolea wekundu panapokuwa na asidi, na badiliko hilo lilionekana papo hapo, kutoka zambarau iliyochoka hadi wekundu wa rosela.

Nisichokubali ni mdalasini. Vijiti viwili vilizidi. Harufu yake iliifunika ile ya tunda, ambayo ni ya kipekee na haihitaji msaada. Kipande kidogo cha tangawizi kingetosha. Malai ya maziwa yaliyochemshwa nyumbani, yaliyowekwa kando ya tunda na si juu yake, yalikuwa uamuzi mzuri. Shira iliyobaki ilichanganywa na maji baridi, watoto wakaimaliza kabla wageni hawajaomba.