Kodi na Kipimo Chake

Wasomaji wetu wengi wa Kasulu na Kibondo hulipa kodi, lakini ni wachache waulizao kodi yao hupimwa kwa kipimo gani. Twaona swali hilo lina maana kubwa. Kibaba ni kipimo chema cha nafaka, walakini hakuna apimaye nguo kwa kibaba. Kadhalika kodi yaweza kuwa ndogo nayo isiwe ya haki, kwa sababu imepimwa kwa kitu kisichostahili.

Wazee wetu walipimwa kwa nyumba. Wadachi waliweka kodi ya nyumba kwa amri ya mwaka 1897, na Waingereza wakafuata kwa sheria ya mwaka 1922 iliyotoza nyumba na kichwa. Nyumba ya tajiri na nyumba ya maskini zilihesabiwa sawasawa. Katika nchi ya Uha fedha ilikuwa haba, basi vijana wengi wakashika njia ya kwenda mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro, wakakaa mbali na watu wao wakitafuta shilingi za kodi na za mahitaji mengine. Hata baada ya uhuru kodi ya kichwa iliondoka ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo, mpaka ikafutwa mwaka 2003.

Kodi ya mapato ni ya namna nyingine. Ilianza katika Tanganyika mwaka 1940, na sheria ifuatwayo sasa ni ya mwaka 2004. Hukusanywa na Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi mwaka 1996. Wala isichanganywe na ushuru wa mazao, ambao huchukuliwa na halmashauri kwa sheria yake. Shina la kodi hii ni haki: asiyepata asidaiwe, aliyepata kidogo adaiwe kidogo, aliyepata sana adaiwe sana. Kwa mtu wa mshahara haki hiyo yaonekana. Mwaka 2020 iliamriwa kwamba shilingi 270,000 za kwanza za kila mwezi zisitozwe kitu, na mwaka 2021 sehemu izidiyo hapo, hata kufika 520,000, ikawekewa asilimia 8. Kwa hesabu hiyo, mwenye mshahara wa kutozwa wa 370,000 hukatwa 8,000. Hapo hatuna neno.

Neno letu ni juu ya mchuuzi mdogo. Kwa marekebisho ya mwaka 2019, ambaye mauzo yake ya mwaka hayakupita shilingi 4,000,000 halipi. Akipita hapo, asizidi 7,000,000, hutazamwa kama ana daftari au hana. Asiye na daftari hutozwa 100,000. Mwenye daftari hutozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000. Tuseme watu wawili wanauza maharagwe, kila mmoja ameuza kwa 5,000,000. Yule wa daftari atalipa 30,000, na mwenzake 100,000. Shilingi 70,000 zimepotea kwa kukosa kalamu.

Lakini tutazame zaidi. Kodi hii yaitwa ya mapato, nayo imepimwa kwa mauzo. Katika zile 5,000,000 mna bei ya maharagwe aliyonunua kwa mkulima, na magunia, na nauli ya gari. Tuseme faida iliyobaki ni 600,000 kwa mwaka mzima. Mtu wa mshahara apataye kiasi hicho kwa mwaka hatozwi hata senti moja. Mchuuzi asiye na daftari hutoa sehemu moja katika sita. Twasema wazi: hapo kipimo cha zamani kimerudi. Nyumba ilihesabiwa bila kuulizwa mwenyewe ana nini; leo mauzo yahesabiwa bila kuulizwa kimebaki nini.

Wako watakaojibu kwamba faida ya mchuuzi ni ngumu kujulikana, na mauzo ni kipimo chepesi kwa mtozaji na mtozwaji. Neno hilo lina kweli ndani yake. Tena sheria yampa mtu ruhusa kuchagua kutozwa kwa faida, lakini hapo hudaiwa hesabu kamili, kazi isiyo nyepesi kwa mwenye kiduka. Basi kama mauzo hayana budi kuwa kipimo, na wapunguziwe wale wauzao vyakula kwa faida nyembamba, na sheria ifundishwe vijijini kabla ya mtozaji kufika. Haifai mtu aonywe kwa kutozwa.

Na mtu akidhani ametozwa isivyo haki, ajue kwamba sheria ya mwaka 2015 ilimpa siku 30 za kuandika pingamizi. Lakini hutakiwa kulipa kwanza theluthi moja ya kodi aliyokadiriwa, au ile sehemu asiyoipinga, iliyo kubwa kati ya hizo, isipokuwa amekubaliwa ombi la kupunguziwa. Mlango uko, ila kizingiti chake ni kirefu kwa maskini.

Zakayo alipotubu hakuacha kuhesabu. Alihesabu kwa haki. Ndivyo tutakavyo kwa watozaji. Nasi kwa upande wetu tuandike kila jioni tulichonunua na tulichouza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waalimu, fundisheni hesabu hiyo shuleni. Nanyi watoto mjuao kuandika, waandikieni wazazi wenu.