Ukuta Ule wa Tabata Haukustahili Paneli

Video ya tatu ya dalali anayeiandaa nyumba ya Tabata kwa kuuzwa mnaikumbuka. Kamera inaingia chumba cha watoto, inapita juu ya kitanda cha dabodeka, inatulia kidogo kwenye ukuta wa upande wa bafu, halafu picha inakatika. Inaporudi, ukuta umevalishwa paneli nyeupe za PVC kutoka sakafuni hadi darini, na dalali anatangaza kwamba chumba kiko tayari kwa wateja. Hapo katikati, mahali ambapo hatukuonyeshwa kitu, ndipo nyumba ile ilipopoteza bei yake. Mengi mengine yaliyofanywa Tabata yalikuwa sawa, na baadhi yalifanywa kwa ustadi, lakini uamuzi huu mmoja ulikuwa mbaya na hakuna namna ya kuutetea.

Rudini kwenye zile sekunde chache kabla picha haijakatika. Aliyewahi kushika mwiko aliona kila kitu. Rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, chumvi nyeupe imetoka juu ya lipu, na doa lenyewe lilikaa usawa wa kiuno hadi bega, upande mmoja tu, likififia kuelekea dirishani. Umbo la doa ndilo linalotaja chanzo chake. Unyevu wa ardhini, kwenye nyumba iliyomwagwa jamvi bila nailoni chini yake, huanzia sakafuni, huenea upana wote wa ukuta na kwa kawaida huishia karibu mita moja, ukiacha mstari wa chumvi. Maji ya bati linalovuja hushuka kutoka darini. Doa linalokaa katikati ya ukuta, mbali na sakafu na mbali na dari, huku nyuma yake kuna bafu, ni la maji ya bafu. Ama kiungo cha bomba kimelegea ndani ya ukuta, ama grauti imekwisha kati ya marumaru na maji yanapenya kila mtu anapooga.

Na pale wanaoga watu wengi. Nyumba ina bibi, baba na mama, watoto wa sekondari na wa msingi, wajukuu wanaokuja likizo, na mpangaji wa banda la uani ambaye naye anatumia bafu hilo hilo. Linaanza kutumika alfajiri kabla ya adhana na linafungwa watu wakishalala. Ukuta haupati hata nusu siku ya kukauka. Uchakavu huo si aibu ya familia. Ni matumizi, na mnunuzi mwenye watoto wake anauelewa mara moja kwa sababu kwake hali ni ile ile. Alichohitaji kujua ni kitu kimoja tu: je, chanzo kimepatikana na kimezibwa?

Paneli imelifanya swali hilo lisijibike. Lipu ya saruji iliyolowa hukauka kwa kutoa unyevu wake hewani. Ukiifunika kwa plastiki, upande wa chumba umeufunga, na maji yanasogea kwenda juu na pembeni kutafuta pa kutokea. Fito za mbao zilizogongelewa nyuma ya paneli zinaanza kuoza, misumari inashika kutu, na fangasi wanapata giza, joto na unyevu, vitu vitatu wanavyovipenda. Ukuta uliokuwa na doa la ukubwa wa meza unageuka kuwa ukuta mbovu wote, na hakuna anayeuona. Kisha watoto wanalala hapo, vichwa vikiwa shibiri moja kutoka kwenye hiyo plastiki. Hili la mwisho ndilo linalonikera kuliko bei.

Kupima kungechukua usiku mmoja. Unafunga koki zote za ndani na kutazama mita ya maji. Sindano ikiendelea kutembea, kuna bomba linalovuja. Kama maji yanatoka kwenye simtanki, unaweka alama ya usawa wa maji usiku baada ya wote kuoga, na asubuhi kabla ya mtu kugusa bomba unatazama alama. Isipopungua, bomba linaloleta maji si mkosaji, na macho yahamie kwenye grauti na njia ya maji machafu. Ukishampata mkosaji unatoa marumaru chache, unabadilisha kiungo au unaziba upya, unabomoa lipu yote iliyooza na kuvuka kidogo mpaka wa doa, unakwangua chumvi kwa brashi kavu. Brashi kavu, narudia, maana chumvi ukiiosha inayeyuka na kurudi ukutani. Halafu unasubiri. Lipu mpya inataka wiki kadhaa kabla ya rangi, na wakati wa masika inataka zaidi. Muda huo ulikuwepo: kati ya video ya kwanza na siku bango la "nyumba inauzwa" lilipopigiliwa getini, lipu ingekauka na rangi ingepigwa mikono miwili.

Wale mafundi wa chokaa wa pwani wasingefanya hivi. Nimewataja katika safu hii mara nyingi na nitaendelea kuwataja, kwa sababu sijaona waliowazidi. Walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakailoweka shimoni kwa miezi, na walipopiga lipu kwenye kuta za mawe za Mji Mkongwe na Lamu ukuta ulibaki unapumua: unalowa wakati wa mvua, unakauka wakati wa kaskazi. Zikaja zama za saruji, watu wakazikandika kuta zile zile kwa saruji wakidhani wanaziimarisha, na unyevu uliozoea kutoka ukafungiwa ndani, ukala mawe na ukala boriti. Ndiyo maana wahifadhi wa Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, bado wanasisitiza chokaa. Fundi wa namna ile akikuta ukuta umelowa aliubandua hadi kwenye jiwe, akauacha wazi, akaenda kufanya kazi nyingine. Hakuona haya ukuta kukaa uchi mwezi mzima huku wageni wakiingia na kutoka.

Mazuri ya Tabata nayataja kwa haki: makochi ya ziada na makabati mawili yalipelekwa kwa ndugu, chemba zilizibuliwa, nyavu za mbu zikabadilishwa, saa za kutazama nyumba zikapangwa Jumamosi jioni ili watoto wawe madrasa au uwanjani, pango la ardhi lililipwa, na ridhaa ya mke iliandikwa kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka kwa nyumba ya familia. Familia ilibaki ndani, jambo ambalo madalali wengi hulipinga. Nyumba inayokaliwa haitoi harufu ya uvundo na mnunuzi anaona maji yanatoka bombani.

Lakini kuhusu pevingi iliyomwagwa uani kote nauliza: maji ya mvua ya uani yale sasa yanakwenda wapi, kama si kwenye msingi? Na lenzi pana inayofanya chumba cha mita tatu kionekane ukumbi haijawahi kumsaidia muuzaji yeyote. Mteja anafika na kukuta chumba kimesinyaa, naye anaanza mazungumzo akiwa ameshaona kwamba kuna anayemdanganya.

Jumamosi moja ya kutazama nyumba nilikuwepo. Mnunuzi wa tatu alikuja na fundi wake, mzee mkimya aliyevaa kandambili. Hakutazama dari wala jiko. Aliingia chumba cha watoto, akagonga paneli kwa kifundo cha kidole, akasogea hatua moja, akagonga tena. Akatoa ufunguo mfukoni, akauingiza chini ya ukingo wa paneli pale inapokutana na sakafu, akauchomoa na kuunusa. Kisha akamgeukia mwenye nyumba kwa upole.

"Mama, samahani. Huku nyuma kuna nini?"

"Baba, mimi niliambiwa ni urembo tu."

Ninaamini mama yule alisema kweli, na ndiyo sababu lawama yangu iko kwa aliyemshauri. Kuanzia dakika ile mnunuzi hakuuliza tena bei. Aliuliza kama dari la jipsamu nalo limeficha kitu, kama sakafu ya sebule imebandikwa marumaru juu ya nyufa, hata hati akataka aione upya na kuipeleka kukaguliwa. Punguzo alilolitaja wakati wa kuondoka lingejenga bafu lile mara mbili na chenji ikabaki. Doa likiwa wazi, lingekuwa kasoro moja yenye bei yake.

Kuna pia upande wa sheria, ambao madalali wa video hawautaji kabisa. Sheria yetu ya Mikataba inatofautisha kunyamaza na kuficha. Ukinyamazia kasoro ambayo mnunuzi mwenye uangalifu wa kawaida angeiona mwenyewe, ni vigumu kwake kuja kuvunja mkataba baadaye. Ukiijua kasoro na ukachukua hatua ya kuifunika, sheria inahesabu huo ni ulaghai, na mkataba uliopatikana kwa njia hiyo aliyedanganywa anaweza kuutengua. Ukuta wenye doa uko upande wa kwanza. Ukuta ule ule ukishapigiliwa paneli umehamia upande wa pili, na watakaotia saini kama wauzaji ni mama na mumewe. Aliyeshauri paneli hatakuwemo kwenye mkataba.

Nyumba bado haijauzwa, kwa hiyo kazi inaweza kufanywa upya. Paneli zitolewe wiki hii, zote, na fito zake zichomwe. Mita ipimwe usiku. Ukuta ubomolewe, na kiungo kipya kikishafungwa kipigwe picha kabla lipu haijarudi. Picha hiyo ikae kwenye bahasha moja na nakala ya hati na risiti za pango la ardhi, mnunuzi akifika aikute. Wateja waendelee kuletwa hata ukuta ukiwa wazi, na fundi aliyeutengeneza awepo kujibu maswali. Watoto wahamishiwe sebuleni kwa muda. Bafu lile lifungwe kabisa hadi lipu ikauke, na nyumba nzima pamoja na mpangaji watumie la chumba cha wazazi, zamu ya kwanza wakipewa wanaowahi shule.