Stata Inayogoma Ikipenda

Dereva anaeleza huku ameegemea bampa. Land Cruiser yake, ile ya injini ya 1HZ, imebadilishiwa betri, imebadilishiwa swichi ya ufunguo, na bado inamsumbua. Asubuhi inawaka, mchana inawaka, kisha ghafla anazungusha ufunguo na kusikia "tak" moja tu. Anarudia: tak. Baada ya majaribio kadhaa injini inashika kama vile hapakuwa na lolote. Kwa dereva wa watalii wa Arusha hiyo si kero ya kuchekea. Ndani ya Serengeti hushuki garini ukasukuma huku simba wamelala mita chache kutoka kwako, na dereva mzuri huzima injini ili wageni wapige picha kwa utulivu. Huyu siku hizi hazimi. Anaiacha iungurume, wageni wananuna.

Fundi umeme, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hajagusa spana. Anauliza.

"Ikigoma, taa zinafifia au zinabaki vilevile?"

"Sijaangalia, mzee."

"Na hiyo tak, ina nguvu au ni ya unyonge?"

"Ya nguvu. Unaisikia mpaka miguuni."

Mzee anatikisa kichwa taratibu. Kila swali lina kazi yake. Mlio wa unyonge na taa zinazofifia vingempeleka kwenye betri au teminali zilizolegea. Ukimya mtupu ungempeleka kwenye swichi, relei au ule waya mwembamba wa kuamrisha stata. Lakini tak ya nguvu ina maana amri imefika, sumaku ya solenoidi imevuta, na baada ya hapo umeme mkubwa umekwama mahali. Nao ni mkubwa kwelikweli: injini hii ina silinda 6 na lita 4.2, na hewa ndani yake hubanwa mpaka ibaki kama sehemu moja ya 22 ya ujazo wake. Kuizungusha kunataka mamia ya ampea, na mamia hayo yote hupita kwenye vipande vya shaba visivyozidi upana wa kidole.

Kijana anayejifunza kazi ameshachukua brashi ya waya asugue teminali za betri. Mzee anamzuia. "Ukisugua sasa, ugonjwa utaondoka, na hatutajua ulikuwa wapi."

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mafundi wengi ninaowafahamu wangekuwa wameshaigonga stata kwa mpini wa nyundo, gari likawaka, pesa ikapokewa. Kugonga kunasaidia kweli, kwa siku moja au kwa wiki. Mzee anataka gari ligome mbele yake, na mpaka ligome hakazi nati wala halegezi.

Anaandaa mtego. Ana nyaya mbili ndefu alizozitengeneza mwenyewe, zenye vibanio vya meno mwisho. Analala chini ya gari juu ya kipande cha boksi, anabana mmoja kwenye boliti ya stata inayopokea waya mnene wa betri, na wa pili kwenye boliti ya jirani, inayopeleka umeme kwenye mota. Nyaya anazipitisha mbali na feni, juu ya madigadi, hadi kwenye mita iliyowekwa kwenye dashibodi. Kwenye waya mwembamba wa amri anaunganisha taa ndogo ya kupimia. Taa kubwa za mbele anaziwasha. Mita inasoma volti 12.5, kwa kuwa kati ya boliti hizo mbili njia bado iko wazi. Stata ikifanya kazi vizuri, namba hiyo inatakiwa kushuka karibu na sifuri, kwani volti yoyote inayobaki hapo ni volti ambayo mota haikuipata.

Anazungusha ufunguo. Injini inawaka. Mita imesoma 0.8 wakati wa kuzunguka, naye anaiandika kwa chaki kwenye tairi. Ni nyingi mno, lakini hasemi kitu. Anapima pia upande wa ethi, kutoka nguzo hasi ya betri hadi kwenye bodi ya stata: 0.1. Huko hakuna shida. Anazima, anasubiri, anawasha. Inawaka. Chai inaletwa, inanywewa, gari linawaka tena kwa utii wa kuudhi. Dereva anaanza kuangalia saa.

Kisha: tak.

"Shikilia hapohapo!" Taa ndogo inang'aa. Taa za mbele hazijatikisika. Mita bado iko juu, karibu palepale. "Achia." Ni sekunde mbili tatu tu, maana koili ikiachwa imevuta hivyo hupata moto. Amri imefika, sumaku imevuta, umeme haukuvuka. Sasa, na sasa tu, anaomba spana.

Waya hasi wa betri unatolewa kwanza. Stata inashushwa, inapanguswa mafuta, na kifuniko cha nyuma cha solenoidi kinafunguliwa. Mzee anatoa kipande cha chuma kinachovutwa na sumaku, chenye sahani ya shaba kichwani, kisha anamwita kijana aone. Ndani kuna shaba mbili zinazopaswa kuguswa na sahani kwa pamoja. Moja bado ni nene. Ya upande wa betri imeliwa na cheche mpaka imebaki ukingo mwembamba, mweusi, wenye mashimo. Sahani nayo ina makovu, ila si pande zote. Anaizungusha kwa kidole gumba, nayo inazunguka bila kizuizi. Ndiyo sababu ya ukaidi wote ule: kila gari linapowashwa sahani inaweza kutua kwa upande mwingine, leo penye unene, kesho penye shimo. Na ukigonga stata, inasogea.

Anafunga shaba mpya pamoja na sahani yake. Kabla ya kukaza nati anazilinganisha urefu kwa kuweka rula juu yake, kwani ikizidi moja, sahani itagusa upande mmoja na kazi itarudi palepale. Anaibonyeza sahani kwa mkono, anaachia, anatazama alama mbili za mguso, analegeza nati moja, anasogeza shaba kidogo sana, anakaza, anabonyeza tena.

Stata inaporudishwa mahali pake, mita inasoma 0.1 injini ikizunguka. Anaiwasha na kuizima mara nyingi kuliko dereva anavyoona inahitajika, kisha anafungua vibanio na kuvikunja. Shaba mbovu anazifunga kwenye karatasi ili dereva ampelekee bosi wake aone alicholipia.

"Na ile swichi niliyonunua, mzee?"

"Ni nzima. Na ile ya zamani pia ilikuwa nzima."