Upindo wa Kalenda

Fundi anayeshona sare za shule mtaani kwetu, akishampima mtoto, huongeza vidole vinne vya kitambaa chini ya suruali, akavikunja ndani na kuvishona kwa uzi mwepesi. Upindo huo hauonekani, na mzazi asiyejua huuona hasara. Januari inayofuata mtoto amerefuka. Fundi anafumua, anapiga pasi, na suruali inashuka hadi kwenye kifundo cha mguu. Ufundi wa namna hiyo nimeukuta mahali pengine kabisa: katika kupanga mambo ambayo kalenda ya wiki itakuja kuyafanya.

Kwa Kiswahili jina lenyewe linapoteza watu. Ukitaja kalenda ya wiki, msikilizaji anafikiri siku saba. Wiki ninayoisema ni neno la Hawaii lenye maana ya haraka. Ward Cunningham alilikuta kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu, na mwaka 1995 akaliazima kuitia jina tovuti ambayo msomaji yeyote aliweza kuihariri palepale. Kalenda ya ukoo wetu inakwenda hivyo hivyo. Aliyeko Tanga, Mombasa, Muscat au London ana ruhusa ileile ya kuandika hitima, arusi, kikao au siku ya mchango, na ruhusa ileile ya kusahihisha alichoandika mwenzake. Mimi ni mmoja wa wanaoitunza, na ukurasa ninaoupenda kuliko yote unaitwa Baadaye. Humo watu huandika wanachotaka programu ije ifanye.

Kuusoma ukurasa huo ni kazi ya sikio. Shangazi yangu aliandika humo maneno mawili tu: “Wekeni kengele.” Kengele ningeiweka jioni ile ile, lakini nilimpigia simu kwanza. Kumbe alikosa hitima ya rafiki yake wa utotoni. Aliyeiandika alikusudia saa 2 usiku, akajaza “2:00”, na programu, ambayo huanza kuhesabu saa usiku wa manane, ikaipeleka saa 8 za usiku. Shangazi akaona hilo haliwezekani, akakisia ni saa 8 mchana. Alipofika akakuta mlango umefungwa, akarudi kwake akiamini shughuli imeahirishwa. Kengele ingemwamsha usiku wa manane, basi. Alichohitaji ni fomu inayouliza: asubuhi, mchana, jioni au usiku? Sasa inauliza. Saa 2 asubuhi inahifadhiwa kuwa 08:00, saa 2 usiku kuwa 20:00, na kila msomaji huiona kwa hesabu aliyoizoea.

Tulipofumua hapo tukakuta jingine. Kwa wazee wetu siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya magharibi. Vijana wengi huelewa Ijumaa yenyewe jioni. Watangazaji wa redio walikwisha kulitatua zamani kwa kusema “usiku wa kuamkia Ijumaa”. Tukawaiga. Anayechagua usiku huandikiwa maneno hayo mbele ya macho yake kabla hajahifadhi.

Lakini mahali ambapo ufundi huu unanifurahisha hasa ni kwenye tukio linalojirudia. Kikao chetu ni Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, saa 2 usiku. Kanuni za iCalendar, zilizotolewa mwaka 1998 na kusahihishwa mwaka 2009, huiandika Jumapili hiyo kwa alama nne tu: -1SU, yaani hesabu kutoka nyuma. Nauona uzuri mkubwa katika alama ile ya kutoa. Aliyeiweka alifahamu kwamba binadamu huahidiana pia kwa kutazama mwisho. Mchango wetu wa tarehe 31 ulikuwa ukipotea kila Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba, maana kanuni zinasema tarehe isiyokuwepo irukwe. Tuliuandika upya kuwa siku ya -1, na haujapotea tena.

Kisha inakuja Machi. Waingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, siku ileile ya kikao. Binamu wa London aliyeingia Februari saa 11 jioni kwa saa yake, safari hii aingie saa 12. Kikao kikihesabiwa kwa saa ya London, watu wa Tanga wataitwa saa 1 usiku, wengine ndio kwanza wanarudi kutoka kuswali magharibi. Kwa hiyo kila tukio lazima liwe na mji wake. Nasisitiza mji, wala si idadi ya saa kutoka Greenwich. Machi 2023 serikali ya Lebanon ilitangaza, siku chache tu kabla, kwamba saa hazitasogezwa hadi Ramadhani iishe. Kanisa la Wamaroni likakataa, nchi ikaishi kwa saa mbili kwa siku kadhaa, kisha uamuzi ukafutwa. Kalenda iliyoandika “saa 4 asubuhi, Beirut” ingali na ahadi yenyewe, hata serikali ikigeuka mara ngapi. Iliyohifadhi jibu la hesabu tu haina tena cha kufumua.

Ombi moja nimelikataa mara tatu: kufunga kurasa. Lilikuja baada ya tarehe ya arusi kubadilishwa mara sita kwa siku moja, upande wa bwana ukiandika, upande wa bibi ukifuta. Kufunga kungempa mmoja wao ufunguo, na wiki ingekufa siku hiyo. Niliisoma historia ya ukurasa mstari kwa mstari. Kila mmoja alikuwa na sababu njema, ila hakuna aliyejua nani amekwisha kukata tiketi ya basi. Toleo lijalo, anayegusa tarehe ataona kwanza majina ya waliothibitisha kufika. Naamini mtu akiliona jina la bibi yake pale, mkono utatulia kidogo.

Juu kabisa ya Baadaye kuna ombi la Idd. Tunataka kuiandika kama 1 Shawwal, ikae kwenye visanduku viwili vya rangi hafifu, baada ya siku ya 29 na baada ya siku ya 30 ya Ramadhani, hadi mwezi uandame na mtu aguse kimoja. Kuchora hilo hakukunichukua muda. Kisha kijana wetu wa Muscat akauliza: ukiandama kwao na usionekane kwetu, chakula cha pamoja cha kwenye video kiwe siku gani? Watu watano wamekwisha kujibu chini ya swali lake, na majibu hayafanani. Nimeacha nafasi ya tarehe mbili kwenye tukio moja, kila moja na mji wake, na bado nasoma.