Liuli si Kichekesho cha Manahodha Wawili

Kutembezwa mji wa zamani ni kusomewa kitabu huku unatembea. Kiongozi wako ndiye anayechagua ukurasa wa kwanza, na ndiye anayeamua nani atajwe jina na nani apitwe kimya. Kwa hiyo masimulizi ya matembezi haya yanastahili kuhakikiwa kama riwaya. Leo nachukua moja tu: hadithi ya Liuli, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa.

Ukitoka Mbinga unashuka, unaacha nyuma kahawa na mashamba ya ngolo ya Wamatengo, mpaka Mbamba Bay. Kutoka hapo unafuata ziwa kuelekea kaskazini. Na hadithi ambayo mgeni hukutana nayo kwanza ni hii: tarehe 13 Agosti 1914, nahodha Mwingereza aitwaye Rhoades aliingia Liuli na meli yake, Guendolen, akaipiga mizinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita imeanza. Tena wawili hawa walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Inasemekana Berndt aliingia kwenye boti akamfuata mwenzake akifoka, akimuuliza kama amelewa. Jibu likawa kwamba yeye sasa ni mateka.

Tamu, sivyo? Hata mimi nilicheka. Kama kichekesho, imekamilika: urafiki, pombe, habari iliyochelewa, na hakuna damu.

Sasa isome tena, polepole. Katika hadithi nzima, ufukweni hakuna mtu! Liuli ina watu, lakini hakuna hata mmoja aliyesikia mzinga, aliyekimbiza watoto, aliyeacha nyavu zake majini. Meli za mvuke za ziwa hili zilikula kuni. Nani alizikata, nani alizibeba? Mwenye jina ni Rhoades, mwenye jina ni Berndt, hata meli zina majina. Wanyasa na Wampoto wamegeuzwa mandhari.

Na majina yenyewe yanasema mengi. Wissmann ndiye aliyeongoza jeshi la Wajerumani dhidi ya Abushiri, aliyenyongwa Pangani mwaka 1889. Meli yenye jina hilo ilitia nanga katika nchi ambayo, miaka michache tu kabla ya 1914, ilipitia Majimaji. Pale Songea viongozi wa Wangoni walinyongwa mwaka 1906. Msimulizi akilipita jina hilo bila kusimama, amefunga mlango ambao ungetuingiza ndani.

Kosa la pili ni mahali hadithi inapokomea. Inaishia kwenye kicheko, lakini vita haikuishia hapo. Iliendelea mpaka 1918, ikala makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika, waliokufa kwa maradhi, njaa na mizigo. Kila siku tunataja kambi yao bila kufikiri: Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, lililolainishwa na midomo yetu.

Sisemi kichekesho kifutwe. Nasema kisiwe ukurasa wa kwanza. Mimi ningeanzia kwenye mwamba wa Pomonda, ule unaosimama majini mbele ya Liuli. Wajerumani waliutazama wakaona sanamu la Misri, lenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, wakapaita mahali hapa Sphinxhafen. Fikiria: ilibidi waende mpaka Misri ndipo walione jiwe la Liuli! Jina lao limebaki kwenye vitabu vya vita. Pomonda limebaki kwa wenye ziwa. Ukianzia hapo, hata Rhoades na Berndt wanapoingia wanaingia kama wageni, na mizinga yao inasikika kutoka nchi kavu.

Barabara ya lami sasa inafika Mbamba Bay, na wageni watafuata. Mji Mkongwe wa Zanzibar unatufundisha kwamba hadithi ikishazoeleka midomoni mwa watembezaji, kuibadilisha ni kazi. Kijana wa Liuli atakayeishika kazi hii asiwakariri manahodha kabla ya kukaa na bibi yake na kumuuliza: bibi, ninyi mlisimuliwa nini kuhusu siku ile?