Kauli Mbili za Mwaka 2002 na Kipimo cha Kosa

Kauli mbili za siasa ya Kenya za mwaka 2002 zingali zikikumbukwa. Huko Kasarani, mwezi Machi, George Saitoti alisema kwa Kiingereza kwamba hufika wakati taifa likawa muhimu kuliko mtu mmoja. Akateleza katika upatanisho wa kitenzi. Huko Uhuru Park, tarehe 14 Oktoba, Raila Odinga alitamka: "Kibaki tosha!"

Kauli ya kwanza ilichekwa. Ya pili iliimbwa, na si wengi walioihoji sarufi yake, ingawa haina kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Je, nayo ni kosa? Kiswahili sanifu hukubali "ushahidi tosha", ambamo tosha hufanya kazi ya kivumishi. Raila aliihamishia kwenye kiarifu. Kwa kukosa wakati, kauli yake haikuahidi wala kutabiri, ilikata shauri.

Basi Saitoti aliteleza, Raila alibuni. Hata hivyo, ukimya wa wasomi haukutokana na uchambuzi huo, bali na mazoea ya kukilinda Kiingereza na kukiacha Kiswahili kijilinde. Asiyepima hana haki ya kusamehe.